MUZIKI NI KAZI: MAISHA YA MZEE MUHIDIN GURUMO YATUFUNDISHA NINI?

Muhula huu wanafunzi kadha wa shule yetu tuliomba ruhusa ya kuanzisha chama cha muziki. Hatukuomba makuu: ngoma mbili tatu, gitaa moja la kuazima, na nafasi ya kufanya mazoezi alasiri mbili kwa juma. Ombi letu halijajibiwa bado, maana wakubwa wetu wana maoni mbalimbali. Wako wazazi wasemao kwamba muziki ni njia ya ulevi na uvivu, na kwamba mtoto aliyeletwa shuleni kusoma hana haja ya gitaa. Na kwa upande wetu wanafunzi wako wasemao kwamba muziki ndio njia ya mkato ya kupata gari na nyumba, kwa hiyo vitabu si kitu. Mimi naona pande zote mbili zimekosea. Shahidi wangu ni mtu wa mkoa wetu huu wa Pwani, Mzee Muhidin Maalim Gurumo, mtunzi, mwimbaji na kiongozi wa bendi.

Mzee Gurumo alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Masaki, Kisarawe. Sisi wa Mbwawa leo tu watu wa Kibaha, lakini zamani huku kwetu nako kulihesabiwa ndani ya Wilaya ya Kisarawe, kwa hiyo si vibaya tukimwita mtu wa kwetu. Alianza kazi ya muziki mwaka 1960, naye ni kijana wa miaka 20, akapita katika bendi za Dar es Salaam, miongoni mwao Rufiji Jazz na Kilwa Jazz.

Yafaa tuyatazame majina hayo. Rufiji, Kilwa, na kadhalika Western Jazz, bendi ya watu waliotoka magharibi ya nchi. Siku zile vijana wa upande mmoja wa nchi waliokutana mjini walikuwa wakifanya umoja, wakachanga fedha, wakanunua vyombo, wakapiga dansi. Neno jazz kwao halikuwa na maana ya muziki wa Wamarekani. Lilikuwa jina tu la bendi ya dansi. Nyimbo nyingi walizozisikiliza zilikuwa za santuri kutoka Cuba, nao wakazigeuza zikawa za Kiswahili. Basi bendi haikuwa kundi la wazembe. Ilikuwa chama chenye ada, viongozi na mali ya pamoja, na mambo hayo hayawezekani bila ya adabu na hesabu.

Mwaka 1964 chama kimoja cha wafanyakazi kwa nchi nzima kiliundwa, kikaitwa NUTA. Mwaka huo huo chama hicho kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz, na Gurumo akawa mmoja wa waimbaji wake wa mwanzo. Hapo palitokea badiliko kubwa ambalo wengi wetu hatulijui. Tangu hapo mwanamuziki aliweza kuwa mfanyakazi wa mshahara. Vyombo vilikuwa mali ya chama. Mpiga gitaa alilipwa mwisho wa mwezi kama karani au fundi. Mashirika mengine yakafuata njia hiyo: Polisi walikuwa na bendi yao, Jeshi likawa na Mwenge Jazz, na kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz. Wakati ambapo wazazi wengi walikuwa wakiuita muziki uhuni, vyama, majeshi na viwanda vilikuwa tayari vimeuandika katika daftari la mishahara.

Je, kiongozi wa bendi hufanya kazi gani? Wengi hudhani kazi yake ni kusimama mbele na kuimba. La hasha. Bendi kubwa ya dansi ilikuwa na watu kumi na watano, ishirini, au hata zaidi: wapigaji wa gitaa la solo, la ridhimu na la besi, wapigaji wa drams na tumba, wapulizaji wa tarumbeta na saksafoni, na safu ya waimbaji. Iliwapasa kupiga usiku kadha kila juma, tena kwa saa nyingi, ndiyo maana watu walikuwa wengi ili wapokezane. Kiongozi ndiye aliyekuwa sharti ajue nani anaumwa, nani amekasirika, nani ameahidiwa fedha zaidi na bendi nyingine na huenda kesho asionekane. Mwalimu anayesimamia timu ya mpira atanielewa upesi.

Na utungaji nao ulikuwa na taratibu zake. Mtunzi aliyaleta maneno na sauti, akawaimbia wenziwe katika mazoezi. Mpiga solo akatafuta njia yake, wa ridhimu yake, wa besi yake. Wapulizaji wakatafuta mahali pa kuingilia. Nyimbo nyingi za dansi zina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya polepole, na ndipo maneno yanaposikilizwa; sehemu ya pili, iitwayo chemko, ni ya haraka, na hapo mguu ndio husikiliza. Ilipofika zamu ya kurekodi, maneno ya wimbo yalipelekwa kwanza Radio Tanzania Dar es Salaam yakasomwa na kamati, kisha ndipo bendi iliporuhusiwa kuingia studioni. Mtunzi asiyejua Kiswahili kizuri hangefika mbali. Naziona nyimbo hizo za ndoa, za malezi, za urafiki na za msiba kuwa ni insha ndefu zilizotungwa na watu waliojua kutumia fumbo, na ningefurahi kama walimu wetu wa Kiswahili wangetupa moja tuichambue darasani.

Mwaka 1978 Gurumo aliiacha bendi ya chama cha wafanyakazi, ambacho kilikuwa kimekwisha badili jina na kuwa JUWATA. Yeye na mpiga gitaa Abel Balthazar walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park Orchestra, bendi iliyoanzishwa na shirika la uchukuzi na teksi lililokuwa na baa ya Mlimani Park. Humo walikuwamo pia Michael Enoch, fundi aliyewafundisha wengi, na waimbaji kama Hassan Bitchuka na Cosmas Chidumule. Shirika lile lilipopungukiwa na nguvu, mwaka 1983 bendi ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, ikawa DDC Mlimani Park Orchestra. Mwaka 1985 Gurumo na Balthazar wakahamia Orchestra Safari Sound, iliyokuwa bendi ya mtu binafsi, na mtindo wao huko ukaitwa Ndekule. Baadaye Gurumo alirudi katika bendi yake ya zamani, ile ya JUWATA, akaendelea nayo ilipokuwa OTTU Jazz, na mwisho ilipokuwa Msondo Ngoma, naye ni kiongozi wake.

Wasomaji wanaoijua Dar es Salaam wanajua kwamba kwa miaka mingi mashabiki wa muziki wa dansi waligawanyika baina ya Msondo na Sikinde, kama vile wa mpira wanavyogawanyika baina ya Simba na Yanga. Msondo ni mtindo wa bendi ile ya NUTA, na Sikinde ni mtindo wa Mlimani Park. Gurumo alikuwapo katika msingi wa nyumba zote mbili. Kwa watu wa mpira ni kama mtu mmoja awe nahodha wa kwanza wa Simba na wa Yanga pia.

Na hayo majina, Msondo na Sikinde, yametoka wapi? Hayakutoka Cuba wala Kongo. Yametoka kwetu. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, na watu wa Mlimani Park waliongeza maneno ya kujisifu kwamba ni ngoma ya ukae, yaani ngoma ya nyumbani. Msondo nao ni ngoma ndefu ambayo bibi zetu wanaijua katika mambo ya mwali na unyago. Mwezi wa Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipokuwa Rais wa Jamhuri, alilihutubia Bunge akasikitika kwamba vijana wa Tanganyika walifundishwa dansi za Ulaya lakini ngoma zao wenyewe hawakufundishwa; ndipo akaunda wizara ya utamaduni. Watu hawa wa bendi, kwa magitaa na tarumbeta zilizotengenezwa ng'ambo, walifanya jambo la namna hiyo. Mzaramo wa Mbwawa aliyefika mjini na kusikia watu wa makabila yote wakilitaja jina la ngoma ya bibi yake hakuwa na sababu ya kuona haya kwao.

Sasa narudi kwa wazazi wetu. Mwasema muziki ni ulevi. Sikatai kwamba bendi nyingi zilipiga katika mabaa, na kwamba wako wanamuziki walioharibika. Lakini mahali pa kazi si kazi yenyewe. Dereva naye huweza kulewa, wala hatusemi udereva ni ulevi. Twasema dereva yule afukuzwe. Mwasema pia ni uvivu. Mtu aliyefanya kazi moja kwa miaka 53, toka mwaka 1960 mpaka alipostaafu mwaka 2013, akiimba usiku wenzake walipolala, mtamwitaje mvivu? Wengine wenu mwatuambia kwa utani kwamba ngoma ya watoto haikeshi. Kweli, haikeshi, nasi hatutaki ikeshe. Ndiyo maana tumeomba alasiri, wala hatukuomba usiku.

Kisha nawageukia wanafunzi wenzangu, hasa wale wanaosema kwamba kuimba ni njia ya mkato. Sikilizeni yaliyompata Mzee Gurumo alipostaafu. Ilitangazwa magazetini kwamba mzee huyu, baada ya miaka yote ile na nyimbo zote zile, hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Watu wengi walisikitika. Mwimbaji kijana, Diamond Platnumz, akampa gari mwaka huo huo wa 2013. Mzee hakukaa nalo sana. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Aprili 2014, akazikwa kwao Masaki.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kijana yule alimtunza mzee wake, naye anastahili shukrani. Lakini twapaswa kujiuliza, kwa nini ilihitajika zawadi? Zawadi hutoka katika huruma ya mtu mmoja siku moja. Haki ya kazi haingojei huruma. Kama fundi aliyejenga nyumba mia angestaafu bila ya kuwa na baiskeli, tusingetosheka kumsifu aliyempa baiskeli. Tungeuliza nani hakumlipa.

Maoni yangu ni haya: Mzee Gurumo na wenziwe walilipwa usiku, hawakulipwa wimbo. Mshahara wa bendi ulikuwa malipo ya kusimama jukwaani. Lakini wimbo hauishi jukwaani. Wimbo ukirekodiwa hupigwa redioni leo, na mwakani, na baada ya miaka 30. Hupigwa katika basi la kwenda Morogoro, harusini na dukani. Yule aliyeutunga yuko nyumbani, wala hapati kitu. Zamani hapakuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri Tanzania. Santuri za bendi zetu zilitengenezwa Nairobi, nako huko mwanamuziki wa Dar es Salaam hakuweza kuhesabu ngapi zimeuzwa. Zilipokuja kaseti mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu kila mwenye mashine mbili aliweza kunakili na kuuza bila ya kumwuliza mtu.

Sheria ilikuwapo. Tanzania ilitunga sheria ya hakimiliki mwaka 1966, Gurumo alipokuwa na miaka miwili tu katika NUTA Jazz. Lakini hakikuwapo chombo cha kukusanya fedha za watunzi na kuwagawia. Chombo hicho, COSOTA, kilitokana na sheria ya mwaka 1999, naye Gurumo alikuwa amekwisha fanya kazi karibu miaka 40. Sheria hiyo ya mwaka 1999 iliweka kwamba haki ya mtunzi idumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hebu pigeni hesabu: kwa mtu aliyefariki mwaka 2014 ni mpaka mwaka 2064. Maana yake wimbo ni mali ya kurithiwa, kama shamba la minazi. Lakini shamba lisilo na mipaka hunyang'anywa, na wimbo usioandikwa jina la mtunzi nao hunyang'anywa vivyo hivyo. Katika bendi hizi ambamo wimbo ulikamilishwa na watu wengi, ilikuwa rahisi sana jina la bendi kubaki na la mtunzi kupotea. Waulizeni wazee wenu majina ya nyimbo wanazozipenda, watawatajia kumi. Kisha waulizeni nani alizitunga.

Basi enyi wenzangu mnaotaka muziki ili mwepuke vitabu, mmekosea njia. Hakuna kazi inayohitaji kusoma na kuandika kama hii. Mkataba husomwa. Mapato huhesabiwa, na mwanamuziki asiyejua asilimia atadanganywa na kila atakayemshika mkono. Ufundi ni nusu ya kazi; nusu nyingine ni kalamu. Kwa sababu hiyo sioni ugomvi kati ya gitaa na darasa. Naona kwamba mahali pafaapo zaidi kwa kijana kujifunza muziki ni shuleni, penye mwalimu wa hesabu upande mmoja na mwalimu wa Kiswahili upande wa pili, kuliko baa asikokuwa na wa kumwelekeza.

Lakini ruhusa bila ya taratibu ni hatari, kwa hiyo nataka kutoa mashauri manne kwa wakubwa wetu.

Kwanza, chama kiwe na daftari la nyimbo. Kila wimbo utakaotungwa hapa uandikwe humo, pamoja na tarehe, jina la aliyetunga maneno, jina la aliyetunga sauti, na majina ya waliosaidia. Hivyo tutazoea tangu ujana kumpa kila mtu chake.

Pili, chama kiwe na mweka hazina na kitabu cha fedha, na kitabu hicho kikaguliwe na mwalimu kila mwisho wa muhula. Tukialikwa kupiga mahali na tukapewa chochote, kiandikwe. Vyombo viwe mali ya shule, visiwe vya mtu.

Tatu, mwanafunzi ambaye alama zake zitashuka asimamishwe mpaka zipande tena. Sisi wenyewe tutakubali sharti hili. Asiyelitaka na ajitenge mapema.

Nne, tusianze na gitaa peke yake. Hapa Mbwawa na vijiji vya jirani wako bado wazee, wake kwa waume, wanaozijua ngoma za Kizaramo na za Kikwere: jinsi ngozi inavyowambwa, ngoma ipi hutangulia na ipi huitikia, na wimbo upi ni wa mahali gani. Waalikwe, watufundishe, na wapewe malipo, hata yakiwa madogo. Yale yanayofaa kuandikwa tuyaandike; yale ambayo bibi zetu wanasema ni ya jandoni au unyagoni tu, tuyaheshimu na kuyaacha huko. Gurumo na wenziwe walichota katika kisima hiki. Itakuwa aibu kama sisi tunaokaa kando ya kisima tutakufa kiu.

Huenda mtu akasema: shule ina mahitaji mengi, madawati hayatoshi, na vitabu ni vichache. Ni kweli, nami ninaketi katika dawati hilo hilo. Lakini chama hiki hakiombi fedha ya madawati. Kinaomba mahali, saa tatu kwa juma, na mwalimu mmoja wa kututazama. Ngoma zipo majumbani mwetu. Gitaa tutaazima.

Si kila mmoja wetu atakuwa Gurumo. Pengine hata mmoja hatatokea. Lakini wengi wetu tutakuwa wasikilizaji, wenye mabasi, wenye maduka, watangazaji, mahakimu na wabunge. Kama tutajifunza sasa kwamba wimbo ni kazi ya mtu na una mwenyewe, basi huko mbele tutamlipa mtunzi bila ya kusubiri astaafu na ahurumiwe. Wazee waliosimamia bendi kubwa za nchi hii wengi wamekwisha tangulia mbele ya haki. Hatuwezi kuwalipa tena. Tunaweza kuwalipa watakaokuja, na mmoja wao huenda yumo katika Kidato cha Kwanza mwaka huu, anapiga dawati kwa vidole huku mwalimu akimkataza.

Natumaini wazazi wetu na walimu wetu watalifikiri ombi letu kwa upole, na kutujibu kabla ya muhula ujao kuanza.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne